Ungamo Lililokwama Redioni

Mliokuwa nami juma lililopita mnajua niliishia wapi: vidole vyangu viwili vilikuwa ndani ya redio ya gari la watu, havitoki, na viatu vya mwenye gari vinashuka ngazi, ko, ko, ko.

Vidole vilitoka. Ngozi kidogo ilibaki humo. Mpaka leo ninapoandika haya, hakuna kingine kilichotoka kwenye redio ile kwa hiari yake.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ni dereva, nina miaka hamsini na mmoja, namwendesha daktari wa meno, mama mjane ambaye watu wazima wanamwogopa kuliko polisi. Jioni tatu kwa juma nasoma darasa la watu wazima. Shule niliiacha darasa la tatu, na nimechoka kusomewa Neno la Mungu na watu wengine.

Mwezi uliopita Mwalimu wetu, ambaye umri wake ni kama wa binti yangu, aliandika mada ubaoni: "Maungo Yangu." Tuandike kuhusu mikono, magoti, masikio, kisha tusome kwa sauti. Mimi nakaa nyuma na miwani yangu ina ufa jicho la kushoto. Nikasoma "Maungamo Yangu."

Nikafunga siku mbili. Nikaomba. Kisha zamu yangu ikafika, nikaingia kwenye kile chumba cha stoo ambamo Mwalimu alikuwa anaturekodi mmoja mmoja kwa kompyuta yake. Wenzangu walisema wana macho mawili na vidole kumi.

Mimi nilizungumza kuhusu geti.

Habari ya geti ni fupi. Mwaka jana, saa saba mchana, nilipita nyumbani kwa Daktari kuchukua daftari langu la darasa nililolisahau jikoni. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeniona. Siku hizo komeo la geti lilifunguka hata kwa nje. Mlinzi alikuwa nyuma ya nyumba anamwagilia maua, maji yanapiga kelele. Nilitoka mbio nikaacha geti wazi. Watu wakaingia, wakabeba jenereta, wakaenda zao. Mlinzi aliapa kwamba geti alilifunga. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi nilisimama pale, kofia mkononi, nikanyamaza.

Mlinzi yule ni kaka wa mke wangu. Ndiye aliyeniombea kazi ya udereva.

Mwalimu alimpa kila mtu sidii ya sauti yake. "Nendeni nyumbani," akasema, "kila mtu asikilize kosa lake mwenyewe." Juu ya sidii yangu hakuandika jina. Aliandika alama ya kuuliza tu.

Nyumbani sina mashine ya sidii. Gari la Daktari lina redio inayomeza sidii sita. Nikafikiri tundu la sita ni tupu. Halikuwa tupu. Redio ikanguruma, ikasema sentensi mbili kwa sauti yangu, kisha ikagoma. Sidii mbili, tundu moja. Haitoi wala haipokei. Ila ikitikiswa vibaya, wakati mwingine inasema.

Ndiyo maana nilitia vidole.

*

"Dereva, mbona unanyonya vidole kama mtoto?" Daktari aliuliza, akiingia garini.

"Nimejikwaruza kidogo, Daktari."

"Lete nione." Akavishika, akavigeuza kwenye mwanga. "Hivi vimeumwa na nini?"

"Na redio."

"Redio ina meno?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Meno ni kazi yake.

"Weka namba sita," akasema, akifunga mkanda. "Nataka kusikiliza kwaya yangu."

Nikakanyaga breki, na gari lilikuwa bado limesimama.

"Daktari, imekwama."

"Nini imekwama?"

"Hiyo ya sita. Haitoki."

Akainama, akabonyeza kitufe cha kutolea. Kra, kra, kra. Kwenye kioo kidogo cha redio zikatokea herufi ambazo Mwalimu bado hajatufikisha. Moyoni niliomba kwa maneno mawili tu: Baba, nyamazisha. Redio ikanyamaza.

Daktari akaondoa kidole kwenye kitufe. Aliposema, sauti yake haikuwa ile ya kazini.

"Unajua ile sidii ni nini? Ni sisi, wasichana tisa wa bweni moja. Tulirekodiwa mwaka wa mwisho wa shule. Watatu wameshafariki. Waliobaki tunakutana Jumamosi hii saa kumi, na nimewaahidi kwamba watasikia sauti za wale watatu. Hakuna nyingine duniani, Dereva. Ni hiyo."

Ilikuwa Alhamisi.

"Kesho ipeleke kwa fundi," akasema. "Na usiingize tena vidole. Mdomo wa mtu mwingine hauingizwi vidole bila glavu."

*

Ijumaa asubuhi nilifanya jambo la kijinga. Niliogopa redio isije ikasema Daktari akiwa ndani, basi nikafungua kile kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, nikachomoa ile niliyodhani ni ya redio. Redio ikafa kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nilipofika kwenye geti la Daktari nikapiga honi. Kimya. Nikapiga tena. Honi nayo ilikuwa imekufa, fyuzi ilikuwa moja.

Nikashuka, nikagonga geti kwa kiganja kama mkusanya madeni. Geti likafunguliwa na Daktari mwenyewe, koti jeupe mkononi, mswaki mdomoni.

"Honi nayo imemeza sidii?"

"Samahani, Daktari."

Aliingia ndani akasukutua, akarudi, akaketi. Tulipofika barabarani akaanza kusema bila kunitazama.

"Nimechoka kufungua geti mwenyewe. Tangu shemeji yako aondoke nimeajiri walinzi watatu. Wa kwanza analala. Wa pili anakaribisha marafiki. Wa tatu ameondoka juzi hata kwaheri hakusema, na ameondoka na mwavuli wangu."

"Pole, Daktari."

"Nimekuwa nikifikiri. Shemeji yako alikuwa mtu mzuri. Maua yale aliyapanda yeye. Nilichokasirikia si jenereta. Nilichokasirikia ni kwamba aliniapia uongo machoni pangu. Eti nililifunga, nililifunga! Na geti liko wazi mbele yetu sote."

Nilishika usukani kwa mikono miwili kama siku ya kwanza ya kujifunza.

"Mlete kesho asubuhi," akasema. "Akiniambia kwa mdomo wake kwamba kosa lilikuwa lake, nimemsamehe, na Jumatatu anaanza kazi. Asipokubali, basi, kila mtu na njia yake. Siwezi kukaa na mtu asiyekubali kosa."

Hapo ndipo ningesema. Msomaji wangu, nafasi ilikuwa pana, taa ilikuwa nyekundu, hakuna aliyetupigia kelele nyuma. Nilivuta pumzi. Nikasema:

"Nitamwambia, Daktari."

Taa ikawaka kijani.

*

Fundi wa redio wengi humwita Fundi Waya tu. Karakana yake ni banda la mabati matatu, lina benchi na ukuta uliojaa redio zilizotolewa matumbo. Jirani yake anachomelea vyuma, kwa hiyo pale watu huongea kwa kupiga kelele.

"Inaumwa wapi?" akauliza, akikaa kwenye kiti changu.

"Imemeza sidii mbili kwenye tundu moja. Usiiwashe, we ing'oe tu."

"Mzee, daktari anayepasua bila kusikiliza moyo ni mchinjaji." Akageuza ufunguo. Redio haikuwaka. Akapeleka mkono chini ya usukani bila hata kutazama, akarudisha mkono, akanionyesha tundu la fyuzi kwa kidole. "Fyuzi yako imekwenda wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitamani kusema sijui. Lakini nilikuwa nimechoka uongo, nikaitoa.

Alinitazama. Akaipachika. Akaongeza sauti hadi mwisho, kwa sababu ya yule jirani wa kuchomelea, kisha akaupiga ubao wa mbele ngumi moja ndogo, pembeni.

Na hapo, kama kwa kusudi, jirani akazima mashine yake.

"MIMI," ilisema redio kwa sauti yangu, sauti ya mtu anayesoma neno moja moja, "NI DEREVA. LEO. NINAUNGAMA. MBELE ZA MUNGU. NA MBELE ZA MWALIMU."

Nilirukia kile kidude cha sauti nikakizungusha hadi sifuri. Kichwa changu kiligonga bega la fundi.

Tulikaa hivyo, mimi nimemlalia magotini, yeye mikono juu.

"Mzee," akasema taratibu, "hii sauti nimeshaisikia mahali."

"Fundi, tafadhali."

"Mimi nimesikia sentensi mbili. Ya tatu sitaki. Nina mke anayeniuliza nimesikia nini kila siku nikirudi, na mimi siwezi kumficha." Akashuka garini. Akamulika tundu la sidii kwa tochi, akachungulia kwa jicho moja. Fundi mzuri haachi kutazama hata akiogopa. "Zimelaliana kama sahani zilizooshwa na mvivu. Yenye alama ya kuuliza iko juu. Nyingine iko chini. Ukivuta ya chini kwa nguvu, zote mbili zinakwaruzika."

"Na ukivuta ya juu?"

"Ya juu ndiyo iliyoziba njia. Ikitoka hiyo, ya chini inafuata yenyewe."

"Basi toa ya juu. Kisha uivunje."

Akanitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Mzee, kuvunja ni kazi ya dakika moja, unaweza mwenyewe. Kutoa inabidi nishushe ubao wote wa mbele, na zile funguo nyembamba za kuchomolea redio hii sina. Nitazipata Jumatatu."

Nilimpigia Daktari simu nikamwambia Jumatatu. Upande wa pili nilisikia mtu anagugumia, nadhani alikuwa na mgonjwa kitini.

"Jumatatu haipo," akasema Daktari. "Miaka ishirini na sita nang'oa vitu vilivyokwama mahali pembamba, penye giza, na mwenyewe analia. Rudisha gari. Kesho asubuhi nitaing'oa mwenyewe."

*

Nyumbani kwangu tuna vyumba viwili na sebule. Sebule ni ya Shemeji tangu mwaka jana. Kila asubuhi anakunja blanketi lake kwa pembe nne, analiweka chini ya meza, na kochi linakuwa kochi tena. Hajawahi kuacha hata uzi.

Nilitaka nimwambie polepole. Mke wangu alikuwa pale anachambua mchele, na nilipofika kwenye maneno "Daktari amesema nikulete," alisimama, sinia likamwagika.

"Anamrudisha?"

"Akikubali kosa."

"Asante Mungu!" Akaanza kuimba pale pale, miguu ikikanyaga mchele. "Si nilikuambia? Si nilikuambia maombi yako yanasikika? Huyu mume wangu, kaka, kila alfajiri anapiga magoti kwa ajili yako. Namsikia analitaja jina lako na analia!"

Ni kweli nilikuwa nalia.

Shemeji hakuimba. Aliangalia mikono yake, kisha akasema jambo lililonimaliza.

"Unajua, Shemeji, mwanzoni nilikuwa na uhakika. Naliona kabisa komeo linaingia. Lakini mtu ukiambiwa kila siku kwamba uliacha geti wazi, unaanza kuliona likiwa wazi. Siku hizi hata nikilala naliona wazi. Labda ni mimi kweli."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

Mke wangu alikuwa ananitazama kwa macho yanayong'aa. Mwaka mzima sikuwa nimeyaona yakiwa hivyo.

"Hapana... usijilaumu sana."

"Wewe una roho nzuri," Shemeji akasema. "Mtu mwingine angenifukuza kwenye kochi lake. Sasa nisaidie jambo moja. Wewe ni msomi siku hizi. Mimi nikisimama mbele ya Daktari ulimi unakuwa kama kipande cha ubao. Niandikie maneno. Machache, ya heshima, nimsomee."

Mke wangu akakimbia kuleta daftari langu. Ndilo lile lile. Daftari nililolifuata siku ya geti.

Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Mwalimu ametufundisha kwamba barua ya kuomba radhi ina sehemu tatu: kutaja kosa, kujuta, na kuahidi. Niliziweka zote. Shemeji alisimama nyuma ya bega langu akifuatisha kwa kidole.

"Hapo umeandika nini?"

"Kuungama."

"Neno zuri. Linaandikwaje kwa herufi? Nisije nikateleza."

Nikamtajia herufi moja moja. Alizirudia moja moja. Kisha akaenda kupiga pasi shati lake jeupe, akawa anazirudia kwa sauti ya chini kila pasi inapopita: u, n, g, a, m, a.

Niliingia chumbani nikapiga magoti. Kwa kawaida nikianza "Baba," maneno yanakuja yenyewe kama maji ya bomba. Safari hii nilisema "Baba" nikakaa. Nikasema tena "Baba." Nilikuwa nataka kuomba sidii ya juu itoke bila mtu kusikia. Nikaona kwamba hilo ndilo ninaloomba tangu mwaka jana, ila kwa maneno mengine. Nikainuka bila kusema amina.

*

Jumamosi, saa tatu asubuhi, uani kwa Daktari.

Alikuwa amejiandaa kama kwa mgonjwa wa heshima. Glavu. Barakoa chini ya kidevu. Taa ndogo ya kichwani, inayofungwa kwa mkanda. Juu ya boneti alikuwa ametandika taulo jeupe, na juu yake makoleo matatu ya kung'olea meno na kile kioo kidogo chenye mpini mrefu.

Shemeji alisimama karibu na mlango wa abiria ulio wazi, shati limenyooka, karatasi mfukoni. Aliyatazama maua. Aliona moja limekauka, akalikata kwa kucha, akashindwa kujua aliweke wapi, akalitia mfukoni pamoja na karatasi.

"Karibu, Mlinzi," Daktari akasema, akiingia kiti cha abiria kwa magoti. "Umekonda."

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Dereva, kaa kwenye usukani. Washa. Nikikuambia bonyeza, bonyeza hicho kitufe cha kutolea, mimi navuta. Ukiona nimenyamaza, usibonyeze. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilikuwa nimekwishazungusha sauti hadi sifuri kabla hajaingia. Nilijaribu kuzungusha zaidi, haikwenda.

Alitia kile kioo ndani ya tundu, akainamisha taa. "Mm. Naiona. Kuna moja juu, nyingine chini. Hii ya juu si yangu." Akageuka. "Hii ya juu ni ya nani?"

"Ni... ya darasani, Daktari. Ya mazoezi ya kusoma."

"Ooh, ndiyo maana! Mazoezi yako yamekaa juu ya marafiki zangu." Hakukasirika. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeuona mzizi wa jino. "Nani aliyeandika alama ya kuuliza?"

"Mwalimu."

"Mwalimu huyo nampenda." Akachukua koleo jembamba. "Mlinzi, sema lililokuleta. Mikono yangu ndiyo yenye kazi, masikio hayana."

Shemeji akatoa karatasi. Lile ua lilianguka. Akasafisha koo.

"Mpendwa Daktari," akasoma. "Mimi niliyekuwa mlinzi wako..."

"Bonyeza," Daktari aliniambia.

Nikabonyeza. Kra, kra. Koleo likashika ukingo. Jasho liliniingia machoni, na lile jicho la ufa likaona madaktari wawili.

"...nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu..."

"Inakuja. Inakuja. Bonyeza tena. Endelea, Mlinzi, nakusikia."

"...ku... kuungama," Shemeji akasoma, na akainua macho akanitazama kwa fahari, kwa sababu lilikuwa limetoka sawasawa, "kwamba siku ile ya geti..."

"Daktari," nikasema.

"Nyamaza, Dereva, niko mahali pabaya."

"Daktari, naomba—"

"Nimekuambia nyamaza! Bonyeza."

Sikubonyeza. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe nacho hakikwenda mbele wala nyuma. Daktari aliona sidii inamrudia ndani, akasema "Aa-aa, hutoroki," akajikaza. Ili apate nguvu akaegemeza kiganja cha kushoto kwenye redio, juu ya kile kidude cha sauti. Akavuta. Kiganja kikazunguka.

Redio ikapasuka.

"...ALIYEACHA GETI WAZI," ilisema kwa sauti yangu, ile ya neno moja moja, ikijaa uani hadi ukutani, "SI MLINZI. NI. NI. NI. NI. NI."

Sidii ilikuwa imejikwaa. Ilikuwa inarudia hapo hapo.

"NI. NI. NI."

Shemeji aliacha kusoma. Karatasi ilikuwa bado imeinuliwa mbele ya uso wake, sikumwona macho. Niliona vidole vyake tu pembeni mwa mwandiko wangu mzuri.

"NI. NI. NI. NI."

Nilipeleka mkono nizime. Daktari aliuzuia kwa koleo, bila kuniumiza, kama mtu anayeondoa ulimi wa mgonjwa njiani.

"Iache," akasema.

Akapandisha barakoa, sijui kwa nini, nadhani ni mazoea. Akajigeuza pale kitini, magoti yake yakanielekea. Ile taa ya kichwani ikanipiga usoni, sikumwona tena yeye wala Shemeji wala maua, niliona mwanga tu, na redio inaendelea kuniuliza, ni, ni, ni.

Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya upole sana. Ni ile anayowaambia wote wanaokaa kwenye kiti chake, wakubwa kwa wadogo, wanaume wenye ndevu wanaoshika mikono ya wake zao.

"Dereva," akasema. "Fungua mdomo."

Nikafungua.